Makumbusho yasiyo na kitu ndani yake: nimetoka nimezungukwa na rangi, sikumbuki picha hata moja

#1 Mkazi wa Ilazo

Habari zenu wadau. Hivi karibuni nilikuwa Tokyo kwa mafunzo ya wiki tatu, na Jumapili ya mwisho wenyeji wetu walitupeleka kwenye makumbusho ya sanaa ya kidijitali yanayoitwa teamLab Borderless. Mimi nimezoea makumbusho ya kawaida, yale ambayo unasimama mbele ya kabati la kioo, unasoma kibao, unasogea hatua mbili, unasoma kingine. Kule hapakuwa na kabati wala kibao. Unaingia gizani, na mara kuta zote, sakafu na hata dari vinageuka maua, kisha maporomoko ya maji, kisha vipepeo, na vyote vinatembea. Hupewi ramani ya kukuonesha njia, na maua uliyoyaacha chumba hiki unaweza kuyakuta yamehamia chumba cha tatu. Niliegemea ukuta, maua yakaanza kuchipua penye bega langu, nilipoyagusa yakapukutika.

Nilikaa humo kama saa mbili, nikatoka na kichwa kizito na picha mia mbili na ushee kwenye simu. Jioni yake mke wangu alinipigia akaniuliza swali dogo tu, kwamba ni picha ipi iliyonipendeza kuliko zote, nami nikakosa la kumjibu. Nakumbuka kwamba palikuwa pazuri mno, nakumbuka jinsi nilivyojisikia, lakini siwezi kueleza mchoro mmoja toka juu hadi chini. Ajabu ni kwamba twiga mwekundu aliyechorwa kwenye mwamba wa Kolo, kule Kondoa, niliyemwona nikiwa darasa la sita ninaweza kumchora hapa nilipokaa, pamoja na ufa unaopita karibu na miguu yake.

Maswali yangu ni mawili. Kwa nini imekuwa hivi? Na mahali ambapo umeme ukikatika hakibaki kitu isipokuwa kuta nyeupe, panastahili kuitwa makumbusho?

#2 Shangazi wa Makole

Pole na safari, mwanangu. Ila picha mia mbili na huwezi kueleza hata moja? Ningekuwa mke wako ningeongeza swali la pili, la kwamba Jumapili hiyo ulikuwa wapi hasa.

#3 Msomaji wa Chimwaga

Mleta uzi amejijibu mwenyewe katika bandiko lake bila kukusudia, pale alipotaja simu. Mwaka 2014 mtafiti wa saikolojia wa Marekani, Linda Henkel, alichapisha jaribio alilolifanya kwa watu waliotembezwa kwenye makumbusho ya sanaa. Vitu vingine waliambiwa wavitazame tu, vingine wavipige picha. Walipoulizwa baadaye, vile walivyovipiga picha nzima walivikumbuka kwa uchache kuliko walivyovitazama kwa macho. Akili ni kama mtu aliyeajiri karani: ikijua kuna mwingine anaandika, yenyewe inasinzia. Huko Kolo darasa la sita hukuwa na simu, ndiyo maana twiga bado unaye.

#4 Fundi Taa

Ninaheshimu utafiti huo, lakini nadhani Msomaji ameruka jambo la msingi. Mimi kazi yangu ni kufunga prajekta na taa kwenye kumbi za mikutano na harusi hapa Dodoma mjini, kwa hiyo nitazungumzia upande wa mitambo.

Kwanza, mle ndani hapakuwa na picha ya kukumbukwa. Kazi nyingi za teamLab hazichezwi kama video iliyorekodiwa. Kompyuta inazichora papo hapo, sekunde kwa sekunde, kwa kufuata programu na mahali walipo wageni. Ua lililochipua begani kwa mleta uzi halikuwapo kabla yake na halitarudi vilevile. Sasa mtu atakumbukaje mchoro ambao hata mchoraji wake hajawahi kuuona?

Pili, msidhani ni prajekta mbili zimewekwa juu ya meza. Makumbusho hayo yalipofunguliwa mwaka 2018 yalikuwa na prajekta 470 na kompyuta 520 ndani ya eneo la mita za mraba 10,000. Kazi ngumu kuliko zote ni maungio. Mwanga wa prajekta moja lazima uingie kidogo juu ya mwanga wa jirani yake, na pale zinapokutana kila moja inafifishwa ukingoni kwa kipimo, ili jumla yake isizidi mwangaza wa sehemu nyingine. Ukikosea, ukuta unakuwa na mistari myeupe kama shuka lililoshonwa vipande. Halafu zinafungwa juu sana na kwa pembe, ili mgeni asijikute anatembea na kivuli chake mbele ya kazi. Nikiona ukuta wa namna hiyo usio na mshono, mimi simtazami kipepeo. Ninamtafuta aliyepanga prajekta nimpe mkono.

#5 Kijana wa Area D

Mkuu Fundi, sehemu moja sikubaliani nawe. Mwaka 2019 nilipita Paris nikaingia Atelier des Lumières, ile stesheni ya zamani ya treni iliyogeuzwa ukumbi wa maonesho ya mwanga. Walikuwa wakionesha kazi za mchoraji Van Gogh kwenye kuta za mita 10 kwenda juu, muziki ukisikika kila upande, watu wameketi sakafuni kama wako mkekani. Ile ilikuwa video iliyopangwa, yenye mwanzo na mwisho, na bado ninachokumbuka ni manjano mengi na buluu nyingi. Kwa hiyo hoja ya kuchora papo hapo haitoshi. Mimi ninaona tatizo ni wingi. Mtu akimwagiwa ndoo ya maji hawezi kusema tone lipi lilimlowesha.

#6 Msomaji wa Chimwaga

Sahihisho dogo kwa bandiko namba 5. Atelier des Lumières haikuwa stesheni. Ilikuwa karakana ya kusubu chuma ya karne ya 19, nayo ilifunguliwa kama ukumbi wa maonesho mwezi Aprili 2018. Stesheni iliyogeuzwa makumbusho ni Musée d'Orsay, kando ya mto Seine, iliyofunguliwa mwaka 1986, na humo zimo baadhi ya picha za Van Gogh zenyewe, za rangi ya mafuta. Moja ni ile ya usiku wa nyota juu ya mto Rhône, aliyoichora mwaka 1888. Upana wake haufiki mita moja. Mchoraji alichagua kipimo hicho ili mtu mmoja asimame mbele yake, na sasa inanyooshwa hadi mita 10 na kupigiwa muziki ambao yeye hakuuomba.

Na kwa kuwa tuko kwenye masahihisho, makumbusho ya 2018 anayoyasema Fundi yalikuwa Odaiba, yakafungwa Agosti 2022. Aliyoyaona mleta uzi ni yale yaliyofunguliwa upya Februari 2024 katika mtaa mwingine wa jiji hilohilo, Azabudai, kwa hiyo hesabu ya prajekta haihusu jengo aliloingia.

#7 Fundi Taa

Nimepokea sahihisho. Mshono bado ni mshono, uwe Odaiba au Azabudai.

#8 Mama Nzuguni

Mbona hakuna aliyeuliza kuhusu kichwa kizito? Mimi ni muuguzi, na kwangu jibu linaanzia hapo. Picha zikikuzunguka pande zote na kutembea, macho yanaupa ubongo habari kwamba wewe ndiye unayekwenda, wakati sikio la ndani, ambalo ndilo linalopima mwendo na mizani ya mwili, linasema umesimama. Habari mbili zikigongana ndipo kizunguzungu na kichefuchefu vinapoanza, sawasawa na abiria anayesoma gazeti ndani ya basi lenye kona nyingi. Aliyewahi kukaa ndani ya treni ya SGR pale stesheni, treni ya upande wa pili ikaondoka naye akashika kiti akidhani ni yake iliyoondoka, anakijua kitu ninachokisema.

Mtu aliye katika hali hiyo akili yake inashughulika kumzuia asianguke. Ongezeni kwamba Tokyo ni saa 6 mbele yetu, na kwamba mafunzo ya wiki tatu hayampi mtu usingizi wa kutosha. Ushauri wangu kwa anayekwenda sehemu kama hizo ni kuketi mara kwa mara, kukaza macho kwenye kitu kisichotembea, na kutoka nje mapema anapoanza kuhisi kichefuchefu.

#9 Mzee wa Mpwayungu

Nimewasoma nyote kwa utulivu. Mnalifanya jambo hili kuwa ugonjwa, na mimi sioni ugonjwa. Mtu akitoka kwenye ngoma ya muheme, akina mama wamepiga tangu alasiri hadi jua limezama, ukamwuliza pigo lipi limempendeza zaidi, atakushangaa. Ngoma haikumbukwi kwa pigo moja. Inakumbukwa miguuni. Huyu kijana wetu amesema wazi kwamba anakumbuka alivyojisikia, basi amekumbuka kile alichopewa. Kosa ni la yule aliyekibandika jina la makumbusho, kwa maana jina hilo limemfanya aende kutafuta vitu, wakati alialikwa kwenye ngoma.

#10 Mkazi wa Ilazo

Shikamoo mzee wangu. Hoja yako imenikaa, ingawa katika ngoma ya muheme ninawafahamu wapigaji, na huwa najua ni nani aliyekosea. Kule sikuona jina la mtu hata mmoja, kwa sababu teamLab ni kundi lililoanzishwa mwaka 2001 linalochanganya wasanii, wahandisi, wanahisabati na wasanifu majengo, na kazi zote zinatoka kwa jina la kundi. Labda nayo ni sababu: mchoro usio na mchoraji hauna pa kuushikia.

#11 Shangazi wa Makole

Mimi ninataka kujua mambo ya kawaida ambayo wanaume hamyasemi. Mtu anavaa nini? Nimesikia kuna sehemu wanavua viatu.

#12 Mkazi wa Ilazo

Shangazi, kuvua viatu ni kwenye makumbusho yao mengine, teamLab Planets, yaliyoko Toyosu, ambayo mwenzetu mmoja alikwenda peke yake. Huko unatembea pekupeku, na kuna chumba unaingia majini hadi karibu na magoti, samaki wa mwanga wakiogelea juu ya maji. Samaki akikugusa mguu anageuka ua. Kwa hiyo suruali iwe ya kukunjika. Jambo lingine ni kwamba baadhi ya vyumba vina vioo sakafuni, na wageni wanatahadharishwa mapema kuhusu sketi. Tiketi ni zaidi ya yen 3,000, na inafaa kuinunua mapema kwa sababu saa ya kuingia imepangwa.

#13 Shangazi wa Makole

Vioo sakafuni! Kanga mbili zingemaliza habari hiyo yote. Ahsante kwa maelezo.

#14 Kijana wa Area D

Nimekubali sahihisho la stesheni, Paris ina majengo mengi na mimi nilikuwa na siku mbili. Lakini nirudi kwenye hoja. Nadhani hatujui namna ya kukumbuka picha hizi kwa sababu ni mara ya kwanza katika historia binadamu kuzungukwa na picha pande zote. Watoto wetu watazoea.

#15 Msomaji wa Chimwaga

Ndugu yangu, si mara ya kwanza, wala haikaribii. Mwaka 1787 mchoraji Robert Barker wa Edinburgh alipata hataza, yaani haki rasmi ya mvumbuzi, ya kuonesha picha ya duara iliyomzunguka mtazamaji, na mwaka 1793 akafungua jengo maalumu London ambamo watu walilipa kiingilio, wakapanda ngazi gizani na kutokea katikati ya mandhari nzima. Karne iliyofuata miji mingi ya Ulaya ikawa na majengo ya namna hiyo. Moja lipo mpaka leo mjini The Hague, Uholanzi: picha ya pwani ya Scheveningen iliyosimamiwa na Hendrik Mesdag mwaka 1881, yenye kimo cha takriban mita 14 na mzunguko wa mita 120. Sehemu ya chini wameweka mchanga wa kweli ili jicho lisione turubai linapoanzia. Ule ndio mshono anaousema Fundi, wakati ambapo taa ya umeme ilikuwa bado kitu kigeni.

Kisha yupo mchoraji Mfaransa Claude Monet, ambaye maua yake ya majini yaliwekwa mwaka 1927 kwenye vyumba viwili vya umbo la yai katika makumbusho ya Orangerie, Paris, yakimzunguka mgeni. Humo watu wanakaa kwenye benchi nusu saa bila kizunguzungu, na wanakumbuka. Kwa hiyo kuzungukwa peke yake hakuwezi kuwa sababu. Tofauti ni kwamba maua ya Monet yametulia, na anayetembea ni wewe.

#16 Mtoto wa Kondoa

Nimechelewa kuuona uzi huu, na ninashangaa mnazunguka Ulaya nzima wakati mleta uzi alimtaja twiga wa Kolo katika bandiko la kwanza. Mimi nimezaliwa huko. Mtu hafiki kwenye ile michoro kwa bahati. Kutoka Dodoma mjini ni karibu kilomita 180, unaanzia ofisini pale Kolo, unapata mwongozaji, gari linapanda njia ya mawe, kisha unamaliza kwa miguu ukiwa unahema. Ukifika huoni kitu! Unaona mwamba. Mwongozaji anakunyooshea kidole, anasema tazama hapa, na baada ya muda jicho linaanza kuokota mstari mwekundu, mgongo, shingo, mpaka ghafla mnyama mzima anajitokeza. Wewe ndiye uliyemkamilisha. Huko Tokyo kila kitu kimekamilishwa na kukurukia usoni, hata nafasi ya kutafuta haipo. Nani atakikumbuka kitu ambacho hakukitafuta?

#17 Mwana Hombolo

Hoja nzuri sana, nami inanipa wazo. Maeneo ya Kondoa yako kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2006, ni mapango na miamba zaidi ya 150, na wakazi wengi wa Dodoma hawajawahi kufika hata kwa mmoja. Kwa nini tusiwe na ukumbi hapa mjini wenye kuta za mwanga, michoro yote ikaoneshwa kwa ukubwa wake, pamoja na muziki wa zeze na marimba? Wafaransa walifanya jambo linalofanana na hilo. Pango la Lascaux, lililogunduliwa mwaka 1940, lilifungwa mwaka 1963 kwa sababu pumzi za wageni zilikuwa zinaharibu michoro, wakajenga nakala mwaka 1983, na nyingine kubwa zaidi mwaka 2016. Sasa hivi treni inamleta mgeni kutoka Dar es Salaam asubuhi. Angeangalia Kondoa mchana, akanywa divai ya zabibu zetu, akarudi.

#18 Fundi Taa

Kwa upande wa mitambo linawezekana, ila tuseme ukweli kuhusu gharama. Prajekta za balbu zinataka balbu mpya baada ya saa elfu chache. Za leza huchukua takriban saa 20,000 kabla mwanga wake haujashuka nusu, lakini bei yake ya kununulia ni nyingine kabisa. Halafu kuna vumbi. Mnaujua upepo wetu wa Agosti na Septemba: mimi huwa nasafisha vichujio vya hewa kila wiki kwenye ukumbi mmoja, na bado nakuta vumbi jekundu ndani. Mwisho, ukumbi wa namna hiyo unahitaji giza la kweli, kwa sababu prajekta haiwezi kutoa rangi nyeusi. Nyeusi ni pale ambapo mwanga haukufika. Dirisha moja lililosahaulika linatosha kumgeuza ndovu kuwa ukungu.

#19 Mtoto wa Kondoa

Mwana Hombolo, nakuunga mkono nusu. Mfano wa Lascaux hautufai moja kwa moja, kwa kuwa lile ni pango lililofungika, na yetu ni miamba iliyo wazi kwa hewa. Adui wetu ni jua, mvua, mikono, na wale wanaomwagia maji ili rangi ing'ae kwenye picha zao. Maji hayo yanaacha chumvi za mwamba juu ya mchoro. Kwa kuweka kumbukumbu, teknolojia hiyo ni ya thamani. Mwaka 1951 mtafiti wa mambo ya kale Mary Leakey alizunguka huko akinakili michoro kwa mkono, na leo kazi hiyo ingefanywa kwa kamera kwa usahihi zaidi.

Lakini mkumbuke kwamba Mongomi wa Kolo ni mahali pa matambiko mpaka sasa, watu wanapanda kwenda kuomba mvua. Mkiupeleka mwamba ule kwenye ukumbi wenye viyoyozi, mtakuwa mmechukua rangi tu.

#20 Mzee wa Mpwayungu

Na mvua mtaiombea wapi, kwenye swichi?

#21 Mkazi wa Ilazo

Nimecheka hadi watu wa ofisini wamegeuka. Wadau, jana usiku nilifanya jaribio kwa kufuata maelezo yenu. Niliweka simu mbali, nikachukua karatasi na kalamu, nikajilazimisha kuchora chochote kile kutoka kwenye makumbusho hayo, chenye umbo kamili. Baada ya dakika ishirini nilikuwa nimechora kitu kimoja tu: kile kibao cha kijani juu ya mlango wa dharura, chenye mtu anayekimbia kutoka nje. Nilikitazama sana wakati kichwa kinazunguka. Nimekichora na mguu wake wa nyuma sawasawa.

#22 Mama Nzuguni

Kilikuwa ndicho kitu pekee kisichotembea. Mwili wako ulikuwa unatafuta pa kushika.

#23 Kijana wa Area D

Au ndicho kitu pekee chenye fremu.

#24 Mtoto wa Kondoa

Au ndicho ulichokitafuta mwenyewe.

#25 Msomaji wa Chimwaga

Msimcheke. Mtu yule wa kijani anayekimbia alibuniwa na Mjapani, Yukio Ota, na mwaka 1985 akaingizwa kwenye alama za kimataifa za usalama. Mleta uzi amekwenda Tokyo akarudi anakumbuka kazi ya msanii mmoja wa huko, mwenye jina.

#26 Shangazi wa Makole

Basi mpigie mke wako umjibu.